Raba ya Upande wa Kushoto

Lori halikuruka.

Fundi wa polisi aliliwasha tena, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi taratibu. Lori likasogea kwa adabu kama ng'ombe anayepelekwa kunywa maji, likapanda kituta kidogo cha udongo kilichokuwa katikati ya ua, likashuka, likasimama pale fundi alipotaka lisimame. Mbele yake palikuwa na ukuta wa banda. Ukutani bado palikuwa na kovu la bampa, na chini ya kovu hilo mtu alikuwa amemwaga mchanga safi, ili wenye nyumba wasilazimike kuona kilichokuwa chini yake.

Inspekta aliyesimama kando ya mchanga huo alikuwa mtu wa makamo, mnene wa shingo, mzito wa hatua. Kituo kizima walimwita Kobe. Walimpa jina hilo kwa kumcheka, naye akalipokea bila kinyongo, maana kobe hata akichekwa hufika. Leo hakuwa na hakika ya kufika.

"Umeridhika, Afande?" fundi aliuliza akishuka. "Breki zinashika. Klachi nzima. Pedali ya mafuta ukiikanyaga inakwenda, ukiiachia inarudi. Hili lori ni zee, lakini si mwendawazimu. Mwenye mguu ndiye mwenye kesi."

"Umeshaandika hivyo?"

"Nimeandika na nimesaini. Nilikuwa nakungoja wewe tu uchoke."

Kesho asubuhi dereva wa lori hilo angepandishwa mbele ya hakimu kwa shtaka la kuua kwa kukusudia, na Mkuu wa kituo alitaka jalada mezani kwake kabla jua halijazama. Aliyeuawa alikuwa shemeji yake dereva, kaka wa mkewe. Watu walimwita marehemu Tajiri, kwa utani, kwa kuwa mali yake yote hapa duniani ilikuwa nusu ya lori hili. Nusu ya pili ilikuwa ya dereva. Lori lenyewe waliliita Bibi, kwa sababu halikuamka asubuhi bila kukohoa.

Asubuhi ya msiba Tajiri alisimama kwenye ukuta wa banda, akimwita shemeji yake kwa mikono yote miwili kama alivyozoea: njoo, njoo, njoo. Bibi akaja. Alipofika kwenye kituta akanguruma, akaruka, na mikono ya Tajiri ikabaki hewani.

Jirani alisema aliwasikia jana yake wakigombana. Dereva alitaka Bibi auzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, Tajiri hakutaka. Basi, sababu ikawa imepatikana. Na dereva mwenyewe, alipohojiwa, alisema maneno ambayo yalimchekesha Mkuu mpaka akakohoa: "Sikukanyaga, Afande. Nilitoa mguu. Pedali ilizama yenyewe, kama kuna mguu wa mtu mwingine."

Kobe hakucheka. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amesikia uongo wa kila namna, na jambo moja alilijua: mwongo huchagua uongo unaoaminika.

"Fungua boneti," alisema.

Koplo aliyefuatana naye, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mwepesi, alimmulikia tochi. "Afande, wewe gari lako likizima unafungua boneti uone nini?"

"Naona kama injini ipo."

"Na ipo?"

"Ipo. Tena nadhani ilikwenda matembezi." Kobe alinyoosha kidole. Upande wa ndani wa boneti, juu ya injini, palikuwa na mchubuko mpya, rangi imebanduka mpaka chuma king'aacho. Na kwenye ukingo wa bati unaozunguka feni, mapanga ya feni yalikuwa yamechora nusu duara, kwa juu tu.

Fundi alitazama, akapandisha mabega. "Limegonga ukuta. Kitu kikigonga ukuta, kila kilichomo ndani hutikisika."

"Gari likigonga ukuta, vilivyomo huenda wapi?"

"Mbele."

"Mchubuko huu uko juu."

Fundi alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyekwisha kusaini.

"Hii fimbo ni ya nini?" Kobe akauliza. Fimbo nyembamba ya chuma ilitoka upande wa pedali, ikapita juu ya mhimili wa lori na kwenda kushikana na injini.

"Ndiyo ya mafuta. Mguu ukisukuma pedali, fimbo inavuta, injini inapata mafuta."

"Na pedali ikikaa, injini ikainuka?"

"Fimbo itavutwa vilevile. Injini itajipa mafuta, itazidi kuinuka, itazidi kujipa." Fundi akatikisa kichwa. "Lakini haiinuki, Afande. Injini inakaa juu ya raba mbili, kulia na kushoto, na bolti imepita katikati. Upande wa kushoto ndio hutaka kuinuka gari linapovuta. Nimezitikisa zote kwa mtaimbo. Imara. Bolti za asili pia zina kofia pana juu ya kuizuia isiinuke, ila hawa jamaa zao ni fupi na nyembamba, basi tu, za kuokoteza."

Kobe alilala chali juu ya gunia, akajisukuma chini ya lori. Koplo alimfuata kwa tochi, akilalamika kuhusu sare yake.

Raba hazikuwa za dukani. Mtu alikuwa amezikata kwenye tairi la lori, tabaka kwa tabaka, akazilinganisha kingo kama mtu anayelinganisha soli za viatu vya harusi, akazigandisha kwa gundi. Kazi nzuri. Ile ya kulia ilikuwa nyeusi kwa mafuta na vumbi. Ile ya kushoto ilikuwa nyeusi vilevile, lakini imeshonwa kuizunguka pande zote, mshono wa kubana, na uzi wake ulikuwa wa manjano, msafi kama uliotoka kwenye kibweta sasa hivi.

"Fundi viatu," Koplo alisema. "Baba wa marehemu, mwenye nyumba. Nilisikia ndiye aliyezitengeneza."

"Kwa nini moja ameishona na nyingine hakuishona?"

"Labda uzi ulimwishia."

"Labda," Kobe alisema. Alikuwa akiutazama uzi. Lori hili halikuwa limetoka hapa tangu siku ile. Gari la kuvuta la kituo lilikuwa lenyewe linangoja kuvutwa, na Kobe ndiye aliyesema, basi, lori libaki, wenye nyumba walilinde. Alikuwa amewaachia waliofiwa kielelezo cha kesi, na sasa alianza kuona walivyokilinda.

Mzee alikuwa barazani, kwenye kigoda chake, mbele ya meza fupi yenye visu, kalibu za mbao na mikebe ya gundi. Mwili wake ulikuwa mkavu, vidole vimejaa sugu, miwani imefungwa kwa uzi wa viatu. Mlango nyuma yake ulikuwa wazi, na ndani binti yake, mke wa dereva, alikuwa akipiga pasi shati la kiume. Kobe alilijua shati hilo ni la nani. Hapo nyumbani jina la dereva halikutajwa tangu mazishi, mzee alilipiga marufuku. Lakini pasi haikukatazwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mmemaliza kulichezea?"

"Tumemaliza." Kobe aliketi kwenye benchi, akavua kiatu cha kushoto. Soli ilikuwa imeachama mbele. "Nimeona aibu kuondoka na hiki."

Mzee alikipokea, akakigeuza. "Polisi na viatu vyenu. Mnamkimbiza nani mpaka soli zinaihama nyumba?" Alikwangua kwa msasa, akapangusa, akachovya kijiti kwenye gundi.

"Si bora ukishone kabisa, Baba? Kazi yangu ni ya kutembea."

"Kimewahi kurudi kwangu?"

"Hapana."

"Basi kushona kiatu ambacho hakijarudi ni kukitukana. Gundi kwanza. Ukiletewa tena kimefunguka, hapo unakishona pande zote na hakitarudi tena mpaka mwenyewe afe. Ndivyo nilivyofundishwa. Ndivyo nilivyomfundisha na marehemu, ingawa yeye alipenda magari."

Mkono wa Koplo, uliokuwa ukipapasa kalibu mezani, ulisimama. Kobe hakumtazama. Alihisi jambo lile likitua ndani yake kama jiwe linalofika chini ya kisima, na kwa mara ya kwanza katika kesi hii akatamani angekuwa mpelelezi mbaya.

"Na zile raba za injini," alisema, "nazo ulizitengeneza wewe."

"Mimi." Mgongo wa mzee ulinyooka. "Za zamani zilikwisha, zimepasuka kama visigino vya mkulima. Hawa vijana walitaka kutafuta mpya, na za gari la umri ule ni kama kutafuta meno ya kuku. Nikawaambia, mtu mwenye baba fundi anakwenda dukani kufanya nini? Raba ni soli tu, soli inayobeba injini. Nikachagua tairi gumu. Nikakwangua, nikapiga gundi, nikaacha ikauke nusu, nikagandamiza kwa mawe usiku kucha. Tundu nikatoboa kwa chuma cha moto. Tajiri alikuwa ananishikia. Alicheka, akasema, Baba, Bibi sasa amevaa viatu."

"Ulizishona?"

"Zilikuwa mpya. Nishone nini?"

"Ya kushoto imeshonwa, Baba."

Mzee alikibana kiatu kati ya magoti. "Hiyo ilirudi," alisema.

"Lini?"

"Baada ya watu kuondoka msibani. Mtu hawezi kukaa akitazama ukuta. Niliingia chini ya lori, nikaikuta imeachana, tabaka za juu huku, za chini huku. Ukuta uliifungua. Nikasema, gari la mwanangu halitakaa limeachama mbele za watu. Nikaitoa, nikaisafisha, nikaishona, nikairudisha. Huyu binti alinishikia taa."

Ndani, pasi iliendelea kwenda na kurudi.

"Ulipoisafisha," Kobe alisema polepole, "katikati ya tabaka kulikuwa na nini?"

"Oili."

"Kidogo?"

"Kidogo gani? Imelowa yote. Gundi imekuwa kama uji, nikaikwangua kwa ukucha."

"Baba, ukuta ungeifungua siku ile, oili ingeingia saa ngapi?"

Ndani, pasi ilisimama. Kobe aliona macho ya mzee yakishuka kwenye kiatu, yakaenda kwenye mkebe wa gundi, yakakaa hapo. Hakuna haja ya kumweleza fundi kitu anachokijua kuliko wewe. Kazi ya Kobe ilikuwa kungoja, na hakuwahi kuichukia kama wakati ule.

"Gundi hii haipendi mafuta," mzee alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali. "Kila niliyemfundisha nilimwambia hivyo. Watu wa gereji wakileta viatu siwapigii gundi. Wao peke yao huwa nashona toka mwanzo, hata havijarudi. Mafuta huingia."

Aliusukuma mkebe kando. "Nilifikiria uzito," alisema. "Nilifikiria joto. Sikufikiria kwamba na lori nalo ni mtu wa gereji."

"Baba," binti alisema. Alikuwa mlangoni, pasi bado mkononi.

"Iweke chini hiyo, utajiunguza." Kisha akamgeukia Kobe. "Ikiachana, inakuwaje?"

Kobe alimwambia. Alimweleza injini inavyoinuka gari likivuta kwenye kituta, fimbo inavyovutwa, pedali inavyozama bila mguu. Hakupamba wala hakupunguza. Mzee alisikiliza akiitikia kwa kichwa kila hatua, kama anayekagua kazi ya mwanafunzi na kuikuta haina kasoro.

"Kwa hiyo mkwe wangu alisema kweli."

"Alisema kweli."

"Nami nilimtemea mate kaburini, mbele ya watu, kabla hamjamchukua." Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Andika, Afande. Andika gundi ni yangu. Andika ilikuwa imeachana na nikaificha bila kujua. Niletee nitie saini. Mimi naandika, sitii kidole."

Koplo aliandika maelezo yale bila mzaha hata mmoja. Mzee alitia saini kwa herufi kubwa zilizonyooka, kama mishono yake.

Kobe alitoka kwenda uani na kiatu kimoja mguuni, akampigia Mkuu simu. Alisimulia yote kwa utaratibu. Upande wa pili Mkuu alisikiliza, na hilo lilimtia Kobe tumaini, kisha Mkuu akasema:

"Shahidi wako ni baba mkwe wa mshtakiwa."

"Ni baba wa marehemu."

"Ni vyote viwili, na mwendesha mashtaka atachagua kile kinachomfaa. Mzee amepoteza mtoto mmoja, hataki binti yake abaki bila mume. Hata mimi ningesema gundi ni yangu."

"Afande, kuna michubuko kwenye boneti."

"Fundi ameandika ni ya ukuta."

"Fundi alijaribu lori ambalo limeshatengenezwa. Niruhusu nikate ule uzi, tuipake oili, tujaribu upya."

"Ukate kielelezo kwa kisu chako, ukipake mafuta kwa mkono wako, halafu umwonyeshe hakimu kwamba kimekatika na kina mafuta?" Sauti ya Mkuu haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya uchovu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kobe, inawezekana una haki. Lakini raba iliyomuua mtu haipo tena. Iliyopo ni nyingine, nzima, na imeshonwa vizuri. Nani aliiacha pale?"

Wote wawili walijua.

"Weka maelezo ya mzee kwenye jalada. Mahakama itayapima. Shtaka linabaki kama lilivyo. Lete kabla jua halijazama."

Fundi wa polisi alikuwa ameegemea lori, amesikia upande mmoja wa mazungumzo na kukisia wa pili. "Ningekuwa sijasaini," alisema.

"Unaweza kuandika upya."

"Niandike nini? Nililijaribu, halikuruka. Hiyo ndiyo kweli niliyoiona." Akatazama chini. "Ukiniita mahakamani nitasema inawezekana. Neno hilo tu. Inawezekana."

Kobe aliipima hiyo inawezekana. Haikuwa na uzito wa kumtoa mtu hata mlangoni mwa mahabusu.

Aliporudi barazani mzee alikuwa ameinama juu ya kiatu, na binti ameketi sakafuni karibu naye, shati limekunjwa mapajani. Wote wawili waliinua nyuso kwa pamoja, na Kobe akaona kwamba walikuwa wamekwisha kupanga jioni: nani akaoge, nani akatandike, maneno gani baba mkwe atatangulia kuyasema mkwe wake akivuka kizingiti.

"Leo atalala hapa?" mzee aliuliza.

"Hapana, Baba."

"Kesho?"

"Kesho anakwenda kwa hakimu, shtaka lilelile. Maelezo yako yatakuwemo."

"Yatamtoa?"

Mpelelezi mwingine angesema tutaona. Kobe alijaribu kulisema, likamkwama. "Raba haipo," alisema. "Wanasema ni maneno ya mzee anayempenda binti yake."

Mzee aliyatafuna maneno hayo muda mrefu. "Basi nimelijua hili kwa faida ya nani?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli, kama mtu anayeuliza njia.

Binti ndiye aliyesimama kwanza. Alimkabidhi Koplo shati lililokunjwa. "Mpe avae kesho," alisema. "Asisimame mbele ya watu na lile la siku ile. Na mwambie Baba amelitaja jina lake."

"Nitamwambia, dada," Koplo alisema.

Mzee alinyoosha kiatu. Kobe alikipokea, akakigeuza ili aone gundi imekaaje, na hakuona gundi. Soli ilikuwa imeshonwa kuizunguka pande zote, mshono wa kubana, uzi wa manjano.

"Baba, hiki hakijawahi kurudi."

Mzee alikuwa ameshauweka msharasi wake wa kushonea mezani na anaupanga sambamba na visu, kwa uangalifu, kama vyombo ambavyo havitatumika tena leo. Binti yake aliuchukua mkebe wa gundi, akaufunika, akaupeleka ndani bila kuambiwa.

"Vaa uone kama kinakubana," mzee alisema.

Kobe alivaa. Hakikubana. Alivuka ua kwenda garini, akaupita mchanga kwa pembeni, na njia nzima mpaka kituoni, jalada likiwa mapajani na shati juu yake, mguu wake wa kushoto ulikaa imara kuliko ulivyopata kukaa, na jua lilikuwa bado halijazama.